Umeme unaoishia njiani analipa nani?

Machi 2025, akiwa mkoani Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwa nini Serikali inafikiria kununua umeme kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini. Sababu aliyoitoa haikuwa uhaba wa umeme nchini. Alisema umeme husafiri umbali mrefu mno hadi kufika Kaskazini, na kwamba upotevu wa njiani unaligharimu Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) shilingi bilioni 32 kwa mwaka.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali. Wengi walihoji inakuwaje nchi iliyojenga Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, kwa gharama ya takriban shilingi trilioni 6.5, iende kununua umeme kwa jirani. Swali hilo lilikuwa la haki. Lakini kelele zake zilifunika swali jingine ambalo kwa mwenye mashine ya kusaga au kiwanda kidogo cha alizeti lina uzito zaidi: hizo bilioni 32 zinaishia wapi, na je, haziwezi kupunguzwa hapahapa ndani?

Bilioni 32 ni za kanda moja tu. Kwa nchi nzima, taarifa za miaka ya karibuni zimekuwa zikionyesha kuwa kiasi kinachozungukia asilimia 15 ya umeme unaoingizwa kwenye gridi hakimfikii mteja anayelipa. Maana yake ni nyepesi kuielewa. Zikizalishwa uniti 100, zinazolipiwa ni 85, na hizo 85 ndizo zinazobeba gharama za 100. Kila uniti inayonunuliwa kwa LUKU inabeba mgongoni gharama ya kuzalisha uniti 1.18. Mteja haoni mstari huo kwenye risiti yake, lakini anaulipa.

Gridi ya Taifa sasa inapokea zaidi ya uniti bilioni 10 kwa mwaka. Kuokoa asilimia moja tu ni kuokoa uniti milioni 100, bila kuchimba msingi wa bwawa jingine wala kungoja mvua za masika.

Upotevu huo uko wa aina mbili, na ni vyema visichanganywe. Kuna umeme unaoibwa au usiopimwa sawasawa: mita zilizochezewa, nyaya zilizorushwa usiku na vishoka. Na kuna umeme unaogeuka joto ndani ya nyaya na transfoma, ambao hakuna mwizi wa kumkamata. Huu wa pili ndio hausemwi sana, kwa kuwa hauna sura ya mtu.

Waya una ukinzani. Mkondo ukipita humo, waya hupata moto, na moto huo ni umeme wa kulipiwa unaopotelea hewani. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hasara hii haikui sambamba na mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, hasara huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, hasara ni mara tisa. Ni tofauti kabisa na lori la mahindi, ambalo likibebeshwa mara mbili mafuta hayaongezeki mara nne.

Chukua mfano wa laini mbili za msongo wa kilovoti 11 zinazotoka kituo kimoja cha kupoza umeme, kila moja ikiwa na ukinzani wa omu 1 kwa kila waya kati ya nyaya zake tatu. Moja imezidiwa, inapitisha ampea 150 hadi mwisho. Nyingine imelala, inapitisha ampea 50. Hasara ya jumla ni kilowati 75. Sasa wahamishwe wateja wa ampea 50 kutoka laini ya kwanza kwenda ya pili, kila moja ibebe ampea 100. Hasara inashuka hadi kilowati 60. Wateja ni walewale, umeme wanaotumia ni uleule, nguzo hazikuongezwa hata moja, na kilowati 15 zimerudi. Hizo zinatosha kuzungusha mota ya nguvu farasi 20, yaani mashine nzima ya kusaga.

Laini mbili mtu anaweza kuzikokotoa kwa karatasi na kalamu. Ugumu unakuja mjini, ambako laini nyingi zinakutana na katika kila makutano pana swichi. Swichi nyingine hufungwa ili umeme upite, nyingine huachwa wazi kwa makusudi ili kila mtaa ulishwe kutoka upande mmoja tu. Ipi iwe wazi na ipi ifungwe? Katika mashirika mengi ya umeme duniani, jibu ni lile lililoachwa na mhandisi aliyejenga laini, likarekebishwa siku nguzo ilipoanguka, kisha likasahaulika.

Ni hapo ndipo ukokotoaji wa kompyuta unapoingia. Wataalamu huziita algoriti: mfululizo wa hatua ambazo kompyuta huzifuata kutafuta mpango bora kati ya mipango mingi mno kuijaribu mmoja mmoja. Si jambo geni. Wahandisi Merlin na Back wa Ufaransa waliandika njia ya kuchagua swichi za kufungua ili kupunguza upotevu mwaka 1975. Mwaka 1989 Mesut Baran na Felix Wu, wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, walitoa mfano ambao hadi leo ndio mizani ya kupimia kila njia mpya.

Mfano wao ni mtandao mdogo wenye vituo 33, wa msongo wa kilovoti 12.66, unaolisha mzigo wa kilowati 3,715. Ni mzigo wa kawaida kwa laini ya mji mdogo wenye soko, shule, hospitali na mashine za kukoboa mpunga. Una njia 37, na 5 kati yake lazima ziwe wazi. Namna za kuchagua swichi 5 kati ya 37 ni 435,897, nyingi zikiwa hazifai kwa sababu zingeacha mitaa gizani. Kabla ya kupanga upya, mtandao huo unapoteza kilowati 202.7. Baada ya kupata mpangilio bora, unapoteza takriban kilowati 139.6. Hasara imepungua kwa asilimia 31, kwa kubadilisha swichi tu.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, kuna namba nyingine katika mfano huo yenye utamu kuliko hizo. Kabla ya mpangilio mpya, aliye mwisho kabisa wa laini alikuwa anapata asilimia 91 ya msongo unaostahili. Baada yake anapata karibu asilimia 94. Kwa umeme wa voti 230, ni sawa na kutoka voti 210 hadi 216. Mwenye mashine anajua voti 6 ni nini. Umeme ukiwa mdogo, mota yenye mzigo uleule huvuta mkondo mkubwa zaidi, koili hupata moto, na mwisho wa yote ni safari ya kwa fundi kwenda kusukwa upya, wakati foleni ya wenye debe za mahindi imehamia kwa jirani.

Namna kompyuta inavyotafuta mpango huo inashangaza kwa jinsi ilivyo karibu na shamba. Njia mojawapo, iliyoanzishwa na John Holland wa Marekani katika kitabu chake cha mwaka 1975, inafanya kile anachofanya mkulima anayechagua mbegu. Mipango mia inatengenezwa kiholela, inapimwa, iliyo dhaifu inatupwa, iliyo bora inachanganywa kama mahindi ya mistari miwili, na kizazi kipya kinapimwa tena. Baada ya vizazi vingi hubaki mbegu nzuri. Njia nyingine, ya James Kennedy na Russell Eberhart ya mwaka 1995, iliiga kundi la ndege. Yeyote aliyewahi kulinda mpunga anawajua kwelea kwelea: mmoja akiona jaruba lenye punje, kundi zima linageuka. Kompyuta hurusha "ndege" wake juu ya mipango mingi, na kila mmoja huvutwa na sehemu nzuri aliyoiona yeye na iliyoonwa na wenzake.

Haya hayahitaji kompyuta ya ajabu. Mtandao wa vituo 33 unakokotolewa na kompyuta ya mezani ya kawaida.

Thamani yake kwa fedha ni ipi? Kilowati 63 zilizookolewa katika mfano ule ni za wakati mzigo umejaa, na mzigo haujai saa zote. Ikichukuliwa theluthi yake tu kama wastani wa mwaka mzima, yaani kilowati 21, zinapatikana uniti 183,960. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, ile iliyopitishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) mwaka 2016 kwa wateja wa kundi T1, ni karibu shilingi milioni 54 kwa mwaka, kwa laini moja tu. Ni kweli bei ya kumuuzia mteja si gharama ya kuzalisha, lakini hata ikikatwa nusu hakuna meneja wa wilaya atakayeikataa.

Hata hivyo, ni lazima isemwe wazi kuwa dawa hii ya swichi ni ya mjini zaidi. Kijijini laini ni kama mkia wa ng'ombe: imetoka barabara kuu, ikaenda, ikaishia. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika mahali ambako hakuna aliyezitarajia, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini laini zilizorefushwa kijiji hadi kijiji hazina njia ya pili ya kuhamishia mzigo. Kule dawa ni nyingine, na mbili zinafaa kuangaliwa.

Ya kwanza ni kapasita. Mota za kusaga, kukoboa, kukamua alizeti na kuvuta maji huvuta mkondo wa ziada ambao haufanyi kazi yoyote ila kutengeneza usumaku ndani ya mota na kurudi zilikotoka. Mafundi hupima jambo hili kwa kitu wanachokiita pawa fakta. Kiwanda kinachotumia kilowati 22 kwa msongo wa voti 400, chenye pawa fakta ya 0.7, huvuta ampea 45. Kikiwekewa kapasita inayofaa hadi kufikia 0.95, kazi ileile hufanyika kwa ampea 33. Kwa kuwa hasara hufuata mkondo kwa ile hesabu ya mara mbili kuwa mara nne, joto linalopotea kwenye nyaya za kumlisha mteja huyo hupungua kwa karibu asilimia 46.

Wenye viwanda vikubwa kidogo, walio kwenye kundi T2, wanalipia hasara hiyo moja kwa moja hata kama hawajui. Wao hutozwa kwa kila kVA, na kwa bei za mwaka 2016 tozo hiyo ilikuwa shilingi 15,004 kwa mwezi. Anayetumia kilowati 70 kwa pawa fakta ya 0.7 anahesabiwa kVA 100. Akirekebisha hadi 0.95 anahesabiwa takriban 74. Tofauti ni karibu shilingi 395,000 kila mwezi. Wapo wenye viwanda vya kukoboa kahawa na kubangua korosho ambao wangelipia kapasita zao kwa msimu mmoja kama kuna aliyewaambia.

Mwenye mashine wa T1 yeye hatozwi kVA, kwa hiyo hana kinachomsukuma kununua kapasita. Hili ni pengo katika mfumo wa bei, na si haki kumlaumu yeye. Shirika lenyewe ndilo lenye faida, na ndilo linalopaswa kufunga kapasita kwenye nguzo karibu na mashine. Lakini zifungwe wapi na ziwe na ukubwa gani? Zikiwa ndogo hazisaidii. Zikiwa kubwa mno, usiku mashine zikilala, msongo hupanda na kuunguza taa za watu. Kijiji kimoja kinaweza kukisiwa kwa uzoefu wa fundi. Laini yenye vijiji 40 inahitaji ukokotoaji uleule wa mbegu na ndege.

Ya pili ni kuzalisha umeme karibu na mlaji. Kule Mufindi, mradi wa maji wa Mwenga wa megawati 4 umekuwa ukilisha vijiji na kuiuzia TANESCO tangu mwaka 2012. Umeme wa namna hiyo hausafiri mbali, hivyo haupotei sana. Lakini hapa nako kuna mtego. Mtambo mdogo ukiwekwa mahali pabaya, au ukiwa mkubwa kuliko mahitaji ya eneo, umeme hurudi nyuma kwenye laini nyembamba na upotevu unaweza kuwa mkubwa kuliko mwanzo. Wawekezaji wa umeme wa jua wanaotafuta ardhi leo hutazama kwanza bei ya eneo na ukaribu wa barabara. Mahali ambapo mtambo ungepunguza upotevu zaidi hapajulikani hadi pakokotolewe.

Jambo jingine ambalo waandaaji wa mipango ya umeme wanalipa uzito mdogo ni msimu. Mzigo wa mkoa wa kilimo hauko mahali pamoja mwaka mzima. Viwanda vya kuchambua pamba Simiyu na Shinyanga huamka baada ya soko kufunguliwa, kisha hulala. Mashine za mpunga Mbarali hufurika baada ya mavuno. Pampu za umwagiliaji huvuta umeme pale mvua inapokoma. Mpangilio wa swichi ulio bora Februari unaweza kuwa mbaya Julai. Si lazima kununua swichi za kujiendesha zinazobadilika kila saa, ambazo ni ghali na huchakaa. Kubadilisha mara tatu au nne kwa mwaka, kwa kalenda ya mazao, kunaweza kufanywa na mafundi waliopo, kwa magari yaliyopo.

Sasa lije pingamizi lenye nguvu kuliko yote. Watasema wizi ndio ugonjwa mkubwa, na kompyuta haikamati kishoka. Wana hoja. Kenya, yenye wahandisi hodari na laini nyingi, katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 2023 ilipoteza takriban asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power, na sehemu ya mzigo huo ni miunganisho haramu. Uganda nayo ilianza mkataba wa kampuni ya Umeme mwaka 2005 ikiwa na upotevu wa asilimia 38, na kufikia 2018 ilikuwa chini ya asilimia 18. Kazi kubwa ilifanywa na mita, hasa zile za kulipia kabla, pamoja na nyaya mpya.

Lakini mfano wa Uganda, ukiangaliwa vizuri, unafundisha jambo ambalo pingamizi hilo halilitaji. Mdhibiti wa umeme wa nchi hiyo aliweka kiwango cha upotevu kinachoruhusiwa kuingizwa kwenye bei. Kilichozidi hapo kampuni ilikila yenyewe. Mkataba huo ulikuwa na lawama zake nyingi na ulimalizika Machi 2025, ila kwa hili moja kampuni ilikuwa na sababu ya kuhesabu kila uniti. Gharama ya upotevu ikihamishiwa kwa mteja bila ukomo, hakuna kinachomfanya mtu ofisini alale akiwaza swichi ya makutano.

Aidha, ukokotoaji hauwezi kuanza bila takwimu, na takwimu zinazohitajika ndizo hizohizo zinazomfichua mwizi. Kompyuta lazima ijue waya una unene gani, transfoma iko wapi, na kila transfoma imetoa uniti ngapi. Mita ikifungwa kwenye transfoma ya kijiji, jumla ya uniti zake ikilinganishwa na jumla ya LUKU za wateja walio chini yake, tofauti ikitolewa ile ya joto la nyaya, kinachobaki ni cha kishoka. Bila kujua hasara ya nyaya, wizi wote ni wa kukisia, na mteja mwaminifu hugongewa mlango sawa na mwizi.

Kwa hiyo la kudai kwanza ni mita za transfoma na ramani sahihi za laini. Programu zenyewe zinapatikana, baadhi bila malipo, na vyuo vya uhandisi vya hapa nchini vina vijana wanaozifanyia mazoezi kwa mtandao uleule wa vituo 33 wa Baran na Wu, kwa sababu takwimu za laini za nyumbani hazimfikii mwanafunzi. Mtandao wa Berkeley unakokotolewa Dar es Salaam, na wa Kibaigwa haukokotolewi popote. Hii ni kasoro ya utunzaji wa taarifa, na kuirekebisha hakuhitaji mkopo wa benki yoyote.

EWURA kwa upande wake hutazama upotevu wa shirika zima. Wastani wa nchi unaficha mengi. Laini moja inaweza kuwa inapoteza asilimia 6 na nyingine asilimia 30, wote wakiandikwa 15. Mamlaka ingeweza kutaka upotevu uripotiwe kwa kila laini ya kilovoti 11 na 33, ikianza na zile ndefu za mikoa ya kilimo, na kuweka kiwango ambacho zaidi yake shirika halitaruhusiwa kumtoza mteja.

Maombi ya kubadili bei ya umeme yanapopelekwa EWURA, mamlaka huitisha mikutano ya taftishi ambako wananchi wana haki ya kuhoji, na lipo baraza la watumiaji, EWURA CCC, la kuwasemea. Kwa kawaida wanaosikika humo ni wenye viwanda vikubwa na wanasheria wao. Chama cha ushirika chenye kiwanda cha kukamua alizeti, au umoja wa wenye mashine sokoni, unaweza kufika na maswali mawili yasiyohitaji mwanasheria: mwaka uliopita ziliingia uniti ngapi kwenye laini yetu, na zilizolipiwa ni ngapi?